Solveig Stanek, Mwalimu Aliyeingia Kwenye Pipa la Taka

Mchungaji, watoto wa marehemu, majirani wa bondeni, na ninyi wengine ambao kila mmoja anajua mwenyewe kilichomleta hapa, mimi ni Einar Hegge, mdogo wake marehemu na kitinda mimba wa mzee Sigvald, nimepewa na familia kazi ya kusoma maisha ya dada yangu, na asubuhi hii mpwa wangu Thora amenishika mkono akaniambia, "Mjomba, tafadhali, uwe mpole," nami nikamjibu kwamba nitasoma yaliyotokea, na upole ukipata nafasi humo ndani utaingia wenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1949, nyumbani, katika shamba la ng'ombe wa maziwa la baba yetu, bondeni, kaskazini ya mji huu wa Nordby, jimbo la Wisconsin, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu wa Sigvald na Borghild Hegge, theluji ikiwa imefunga barabara hata mkunga akafika mtoto amekwisha kunyonya na kulala, na mama alizoea kusema kwamba tangu siku hiyo Solveig hakujifunza kumngoja mtu mwenye cheo.

Alianza masomo mwezi Septemba 1955, katika shule ya chumba kimoja ya bondeni, ambayo siku hizi ni banda la trekta na ina manufaa zaidi kuliko zamani, chini ya mwalimu ambaye sitamtaja jina, aliyeamini kwamba mtoto hujifunza kwa makalio, yaani aliyekaa sana ndiye aliyesoma sana, na dada yangu hakuweza kukaa, alichungulia dirishani, akaleta kokwa mfukoni, akaleta chura, akarudishwa darasa la kwanza mwaka wa pili, na mwalimu huyo akaja hadi nyumbani kumwambia baba, mbele ya mtoto mwenyewe, "Bwana Hegge, huyu binti yako ni mzito, mfundishe kukamua, itamtosha," na baba yetu, ambaye alimwogopa mtu yeyote mwenye viatu safi, alimshukuru.

Mama hakushukuru. Mwezi Oktoba 1956 alimshusha Solveig kwenye chumba cha chini ya nyumba, mahali tulipohifadhi matufaha ya majira ya baridi, akampangia matufaha kumi na mawili sakafuni, akamwambia, "Nusa moja moja, lililooza weka huku," na dada akanusa, akatoa, akanusa, akatoa, mama akamuuliza, "Yamebaki mangapi?" naye akajibu, "Tisa," mama akasema, "Na nani kasema wewe ni mzito?" na kabla ya Krismasi ya mwaka huo alikuwa anajumlisha na kutoa kwa kasi iliyomkera kaka yetu mkubwa, na alipopanda tena kuingia darasani mwalimu alijisifu kwa wazazi wengine kwamba subira yake imezaa matunda.

Aliendelea na sekondari hapa Nordby kuanzia 1963 hadi 1967, kisha akajiunga na chuo cha ualimu mjini La Crosse, akahitimu mwezi Mei 1971, na tarehe 30 Agosti mwaka huohuo akaanza kazi katika shule ya msingi ya mji huu, darasa la kwanza, chumba cha mwisho wa ukumbi kilicho karibu na mlango wa nje, chumba ambacho walimu wengine hawakukitaka kwa sababu ya baridi, na yeye alikitaka kwa sababu ya mlango.

Kwa wale ambao watoto wenu hawakupita mkononi mwake, na kwa wale ambao walipita na ninyi mkaendelea kusema ni michezo tu, niseme alichokuwa akifanya. Majira ya mapukutiko yalipofika, majani yakageuka rangi juu ya vilima hivi na bata bukini wakaanza kupita angani wakipiga kelele, dada yangu alifungua ule mlango, akawatoa watoto wa miaka sita nje, wakarudi wamekumbatia majani, majani ya miti ya mwaloni, ya mepo, ya mbetula, wakayapanga kwa rangi, kisha kwa umbo la kingo zake, kisha kwa harufu, wakagombana, na katika kugombana wakajua maneno ambayo hawakuwa nayo asubuhi. Walikata tufaha kwa upana wakaona nyota ndani yake, wakahesabu mbegu, wakapika rojo la matufaha wakaandika neno "tufaha" midomo ikiwa bado na utamu. Walizungusha uzi kwenye boga kupima unene wake, wakaapa kwa mama zao kwamba litazama likitiwa majini, likaelea, wakapiga mayowe, wakauliza, "Mwalimu, kwa nini?" naye akawaambia, "Mnaniuliza mimi? Mimi ndiye boga? Lifungueni." Walitafuta viwavi wenye manyoya, wale ambao mababu zetu husema upana wa ule mkanda wa hudhurungi mgongoni unatabiri ukali wa baridi, wakaandika utabiri ukutani, na mwezi Machi wakaurudia wakakuta kiwavi kakosea, wakajifunza wakiwa na meno ya utotoni kwamba kauli ya babu ni kitu kimoja na ukweli ni kitu kingine, jambo ambalo bodi ya shule ya mji huu haijalijua hadi leo.

Wenzake wakati huo walinunua dukani majani ya karatasi yaliyokwisha kukatwa, wakawapa watoto gundi, wakabandika, kila jani sawa na jirani yake, na mwenzake mmoja alipomuuliza kwa nini hafanyi hivyo na yeye apumzike, dada alimjibu, "Jani la karatasi halinuki, halikauki, halina mdudu, mtoto atalifanyia nini zaidi ya kulibandika?" na tangu hapo wakamwita mjuaji, neno ambalo watu wasiojua humpa anayejua.

Tarehe 8 Juni 1974, katika kanisa hili hili, alifunga ndoa na Delbert Stanek, dereva wa lori la maziwa, na kwa kuwa watu wamebuni hadithi nyingi kuhusu walivyokutana nitasema ya kweli, alisimama katikati ya barabara akalizuia lori lake, akataka makopo makubwa ya maziwa ili watoto wapimie maboga, Delbert akamwambia, "Mwalimu, haya ni makopo ya maziwa," naye akasema, "Naona, yaoshe," Delbert akayaosha, na akaendelea kumwoshea vitu kwa miaka thelathini na saba bila kulalamika, hadi alipofariki tarehe 19 Aprili 2011, na huyo alikuwa mwanamume pekee katika wilaya hii ambaye sikuwahi kumsikia dada yangu akimsema vibaya, mimi nikiwemo kati ya waliosemwa.

Katika ndoa yao walijaliwa watoto wawili, Thora, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1976, na Amos, aliyezaliwa tarehe 27 Septemba 1979, ambaye amesafiri kutoka Alaska, na wajukuu watatu.

Sasa nafika mahali ambapo Thora aliniomba nipite haraka, nami sipiti haraka.

Mwezi Julai 2003 wilaya yetu ilipata Mkuu wa Elimu mpya, Bwana Garrett Plumley, mtu aliyefundisha miaka michache tu, tena watu wazima, akaja na kanuni kwamba kila darasa la kwanza wilayani lifungue karatasi ileile ya mazoezi siku ileile, na mwezi Oktoba akaingia katika chumba cha dada yangu akiwa na tai ya hariri, akawakuta watoto ishirini mikono imezama ndani ya maboga hadi viwikoni, na msichana mmoja akamnyooshea kiganja kilichojaa nyuzi na mbegu, akamwambia, "Shika, babu, ni baridi kama vyura," Plumley akarudi nyuma ameshika tai yake kama mwanamke anayevuka mto ameshika gauni, akauliza, "Mwalimu Stanek, lengo la somo la leo limeandikwa wapi?" Dada akasema, "Halijaandikwa, limo humo ndani, ingiza mkono," watoto wakacheka, na mtu mdogo akichekwa na watoto hasahau.

Msichana aliyemnyooshea mkono aliitwa Darcy. Mwezi Agosti mwaka huo baba yake alilaliwa na trekta mteremkoni akafa, na mji mzima, kwa wema wetu wa kijinga, ulimwambia mtoto kwamba baba amelala, baba amesafiri, baba anamtazama kutoka mawinguni, hivi kwamba mtoto akaogopa kulala, akaogopa safari, na akaacha kutazama juu. Basi katika darasa la dada yangu kulikuwa na boga moja ambalo hawakulikata, waliliweka ndani ya tangi la kioo lililokuwa la samaki, wakalipa jina Gus, na kila Ijumaa walilichora jinsi lilivyo, likiwa zima, likiwa na doa, likiota ukungu wa kijivu, likibonyea kama mzee aliyeng'oka meno, na walijua kwamba likiisha watatia udongo juu yake wangoje kuona kitakachotokea. Darcy alikaa mbele ya tangi hilo kuliko wote, na Ijumaa moja mwanzoni mwa Desemba, penseli mkononi, akauliza, "Mwalimu, na baba yangu anakuwa hivi?"

Dada yangu angeweza kumwambia habari za mawingu. Alivuta kile kiti kidogo cha watoto akakaa, akamwambia, "Ndiyo, mwili wake unakuwa hivi."

"Anaumia?"

"Gus analia?"

"Hapana."

"Umemchora wiki ngapi, umemwona akilia hata mara moja?"

"Hapana. Anakuwa laini tu."

"Basi na baba ni hivyo."

Mtoto akafikiri, akamalizia kuchora ukungu, akaomba kwenda kula, na mama yake alisema baadaye kwamba jioni ile Darcy alipanda kitandani mwenyewe, akalala, wa kwanza nyumbani humo kulala vizuri tangu kiangazi.

Lakini mzazi mwingine aliyekuja siku hiyo kujitolea kunoa penseli alisikia mazungumzo hayo, na kwa kuwa masikio yake yalikuwa makubwa kuliko moyo wake, alimpigia simu Plumley akamwambia kwamba Mwalimu Stanek anawafundisha watoto kuoza. Jumatatu, watoto wakiwa chumba cha kulia, Plumley alituma tangi likabebwa na Gus akatupwa kwenye pipa kubwa la taka nyuma ya jiko la shule, tangi likaoshwa kwa dawa likarudishwa mahali pake likiwa tupu linang'aa, juu yake wakaweka rundo la karatasi za mazoezi, na watoto waliporudi Darcy akasimama mbele ya kioo akauliza, "Nani kamchukua Gus?" kisha akauliza kwa sauti nyingine, "Na baba watamchukua?"

Dada yangu, ambaye alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne na nyonga mbovu, alivaa koti lake, akatoka kwa ule mlango wake, theluji ikianguka, akasogeza kreti la maziwa, akapanda, akaingia ndani ya pipa. Madirisha ya chumba cha walimu yanatazama upande huo. Walimu wote walikuwepo, wakila, vikombe mkononi, na ninyi mliokuwepo mnajijua, baadhi yenu mmekaa safu ya nne mmevaa vizuri, mlimtazama mwenzenu akifukua maganda ya viazi na maziwa yaliyomwagika, hakuna aliyeweka kikombe chini. Alitoka na alichokipata, rojo na mbegu na kikonyo, amekikumbatia kifuani, akaingia nacho darasani akinuka kama nguruwe, akakitia tena kwenye tangi, akamwambia Darcy, "Huyu hapa, hakuna aliyemwumiza, na baba yako hakuna mtu anayemtoa pale alipo, mimi nakwambia."

Aliitwa mbele ya bodi ya shule tarehe 15 Januari 2004, kwa kosa la utovu wa nidhamu. Ukumbi ulijaa, mimi nilikuwepo, nilikaa karibu na Delbert ambaye alikuwa amevaa tai ya harusi yake. Plumley alisimama akauliza, "Ni kweli kwamba uliingia ndani ya pipa la taka mbele ya wafanyakazi wa shule?"

Dada akasema, "Niliingia, kwa sababu wewe uliweka somo langu humo."

"Boga lililooza si somo, Bibi Stanek."

"Kwako halikuwa, hukukaa hadi mwisho."

Mwenyekiti wa bodi, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuuza bima na ambaye hakuweza kutofautisha mtoto na ajali, aligonga meza akataka heshima. Mama yake Darcy alisimama bila kuitwa, akiwa bado na aproni ya mkahawa anakofanya kazi, akasema, "Mwanangu alikuwa halali, sasa analala, mimi sina mengine," mwenyekiti akatazama saa yake, akamshukuru kwa maoni yake. Kisha akauliza kama kuna mwalimu yeyote mwenye la kusema kumtetea mwenzake, na walimu wa Nordby, wenye vyeti na mabango ya ujasiri kwenye kuta za madarasa yao, walitulia kama kuku walionyeshewa mvua. Uamuzi ukatoka, dada yangu aondolewe darasani, apelekwe chumba cha vifaa, na hadi mwisho wa mwaka wa masomo kazi yake iwe kutoa nakala za karatasi za mazoezi, naye alizitoa, kwa sababu alikuwa amesaini mkataba na Wahegge huheshimu saini zao hata mbele ya wapumbavu, na tarehe 11 Juni 2004, baada ya miaka thelathini na mitatu, aliondoka pale bila sherehe. Keki ilinunuliwa, naambiwa, akaila Plumley na wenzake.

Yaliyokuwa ndani ya lile tangi alikuwa amekwisha kuyabeba kwenda nyumbani, akayafukia kando ya ghala mwezi Mei, Darcy akiwa ameshika koleo, na mwezi Oktoba wakavuna maboga saba, mtoto akachukua moja akaenda kuliweka makaburini mwenyewe, akarudi anakimbia, akaomba keki ya boga. Leo Darcy ni muuguzi, mama yake amekaa pale, na mimi sina la kuongeza.

Mapukutiko hayohayo ya 2004 dada yangu alifungua ghala la Delbert siku za Jumamosi. Hakutangaza, hakuomba kibali, walikuja watoto wanne, mwaka uliofuata ishirini, kisha hatukuhesabu tena, walikamua juisi ya matufaha, walisaga mahindi, walipasua kokwa kwa nyundo wakajipiga vidole wakajua uzito wa nyundo, na wazazi waliokuwa wamenyamaza ukumbini mwezi Januari walileta watoto wao mwezi Oktoba bila haya usoni, wakamwambia, "Mwalimu, tulikuwa nawe moyoni," naye akawaambia, "Moyoni giza, sikuwaona," kisha akawapokea watoto, maana mtoto hachagui aliyemzaa.

Mwaka 2014, Plumley akiwa amekwisha kustaafu, gari lake liliingia uani kwetu. Alishuka na mjukuu wake, Wendell, wa miaka saba, mtoto aliyekuwa akitapika kila asubuhi akiuona mlango wa shule, shule ya babu yake, yenye karatasi za babu yake, ambaye madaktari walikuwa wamempima wakakosa ugonjwa. Mimi nilikuwa napanga marobota ya nyasi kavu. Plumley alivua kofia, akasema, "Bibi Stanek, najua sina haki ya kuomba kitu hapa."

Dada akasema, "Huna."

"Ni kwa ajili ya mtoto."

"Mtoto aingie, wewe kaa garini."

Akakaa. Kila Jumamosi ya mapukutiko, kwa miaka minne, Wendell aliingia ghalani akatoka amechafuka hadi nyusi, akaacha kutapika, akaanza kusoma kwa kusoma majina ya matufaha kwenye makreti, na babu yake alikaa ndani ya gari uani, injini ikinguruma kwa ajili ya joto, akitazama mlango ambao watoto wa wakulima waliuingia wakipenda. Mchungaji wetu, ambaye ni mtu mwema na hujifunza polepole, alimwendea dada akamwambia, "Solveig, imetosha, msamehe," dada akamjibu, "Nimemsamehe zamani, Mchungaji, lakini ghalani haingii." Baridi ilipozidi alimpelekea kahawa, hakumpelekea kiti. Leo Bwana Plumley yuko hapa, nyuma kabisa, karibu na mlango, na ameketi ndani kwa sababu hili ni kanisa na wala si ghala la dada yangu, nyumba ya Mungu humpokea yeyote.

Mwezi Septemba 2021 wilaya iliamua kumkumbuka. Walitengeneza katika ukumbi wa shule kona ya mapukutiko, maboga ya plastiki, majani ya kitambaa yaliyonyunyiziwa manukato ya mdalasini, kamba nyekundu ya kuzuia watoto wasiguse, na bango lenye jina lake kwa herufi za dhahabu, wakamwita aje apigwe picha. Alikwenda, nilimpeleka mimi, akavuka kamba, akapitisha kidole juu ya boga la plastiki, akatazama vumbi, akamwambia mwalimu mkuu, msichana ambaye alikuwa bado hajazaliwa dada yangu alipoanza kazi, "Toeni jina langu, vumbi acheni," na tukaenda kula supu. Bango halikutolewa. Bodi imetuandikia wiki hii ikiomba nafasi ya kusoma salamu na kukabidhi ngao, na familia inajibu hapa hadharani, hapana.

Mwezi Januari 2022 alianza kulalamika maumivu ya tumbo, na tarehe 3 Februari hospitali ya La Crosse ikathibitisha saratani ya kongosho, akatibiwa hadi mwezi Julai, kisha akawaambia madaktari kwamba amechoka kunusa dawa na anataka kunusa kitu kingine, akarudi nyumbani. Tarehe 15 Oktoba alishushwa ghalani kwa kiti cha magurudumu, amefunikwa mablanketi, mwembamba kama fito, watoto wakamzunguka wakiwa wamenyamaza kwa kuwa mama zao walikuwa wamewaambia wanyamaze, na mmoja wa miaka mitano akashindwa, akauliza, "Mwalimu, mbona umekuwa wa njano?" mama yake akamfinya, dada akasema, "Usimfinye, ameona vizuri," akanyoosha mkono, akamwambia mtoto, "Tafuta jani la rangi hii, uniletee," watoto wote wakatoka mbio, wakarudi na majani, wakayaweka moja moja juu ya ngozi yake kulinganisha, wakabishana, hili limezidi, hili limepungua, hili lina kijani, hadi wakakubaliana juu ya jani la mbetula, na katika miaka yangu sitini na tisa sijapata kuona mgonjwa akitazamwa kwa heshima kama ile.

Alifariki tarehe 1 Novemba 2022, saa sita mchana, nyumbani, Thora ameshika mkono mmoja na Amos mwingine, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa La Crosse, hasa yule muuguzi wa usiku aliyekubali kusahihishwa. Inawashukuru majirani wa bondeni waliokamua ng'ombe wangu wiki nzima na kutuletea chapati za viazi kiasi ambacho mbwa pia ameshiba. Inamshukuru mhudumu wa usafi wa shule, marehemu sasa, aliyeamriwa kulibeba lile tangi na ambaye jioni ileile alikuja nyumbani kwa dada yangu kuomba radhi, akiwa wa kwanza na, hadi nasoma hapa, wa mwisho kutoka jengo lile. Kwa wafanyakazi wenzake wengine, familia inawashukuru kwa kuja, kahawa iko chini, mko huru kuinywa mkitazama dirishani, mmezoea.

Limebaki jambo moja. Marehemu aliomba watoto wasifungiwe chumba cha chini na katuni na biskuti kama ilivyo desturi ya kanisa hili, aliomba wawepo makaburini, wakaribie, watazame, na kila mmoja atie udongo kwa mkono wake mwenyewe, kwa mkono, si kwa koleo, na wakiuliza swali wajibiwe. Najua kuna wazazi waliomfuata Mchungaji asubuhi hii kusema kwamba ni baridi, ni matope, nguo ni za kanisani, na kwamba watoto wataota ndoto mbaya. Hao wazazi wanaweza kubaki hapa na viatu vyao. Watoto wenu twendeni nao.

Dada yangu, mtoto wa Borghild, ulale sasa salama mahali ambapo hakuna atakayekutoa.

Watoto, vueni glavu, tunatoka.